Yesu Aliyekataa Kuumia

Mulwa alichonga vichwa. Mikono, mbavu na miguu aliwaachia wenzake kwenye banda lao nyuma ya soko la Kariokor. Ikifika zamu ya uso, aliitwa yeye. Mwaka huo alikuwa amemtolea Abdiwali Budha arobaini. Abdiwali ni mfanyabiashara anayeswali mara tano kwa siku na kusafirisha masanamu ya dini za wenzake bila kupepesa jicho.

"Huyu bwana alifundisha nini hasa?" Mulwa alimuuliza.

Abdiwali alikuwa amesoma karatasi ya mteja. "Kwamba kuishi ni kuumia, na tunaumia kwa kung'ang'ania. Ukiachilia, unapona. Na hakuna atakayekuachilia ila wewe mwenyewe."

"Yesu aliumia kwa ajili yetu sisi sote."

"Na bado mnaumia?"

"Sana!" Wakacheka.

Mulwa alicheka kwa meno tu. Nzilani, mkewe, aliugua saratani miaka mitatu, akiombewa kila Jumapili. Saa ya mwisho maumivu yalimwachia, uso ukalainika kama wa mtu aliyevua viatu vya kubana. Kando ya kitanda walikuwa wawili: Mulwa na Kivuva, mchongaji mwenzake, rafiki wa tangu utotoni. Kivuva ndiye aliyenong'ona, "Tazama, Mulwa. Amekuwa huru."

Basi kanisa lao kule Lucky Summer lilipotaka Yesu wa msalabani, saizi ya mtu mzima, Mulwa alimpa uso ule. Alitaka Nzilani atazamwe kila Jumapili na wale waliomwombea. Kichwa alikichonga kando, akakishikisha shingoni kwa kigingi.

Kamati ikaja. Mwenyekiti, Mama Teresiah, akamzunguka Yesu kama anayenunua ng'ombe. "Misumari mitatu, na ametulia hivi? Yuko saluni?"

"Hapo ameshamaliza kuumia, mama." Mulwa akamgeukia Kivuva, mjumbe wa kamati. Sema basi, wewe ulikuwepo.

Kivuva akakohoa. "Sikutaka kusema. Lakini jamaa amechonga Budha mwaka mzima. Huo ni uso wa Budha."

Kazi ikapewa Kivuva amalizie.

Wiki mbili baadaye alirudi na kichwa ndani ya gunia. "Ndugu yangu, nimeshindwa. Mimi ni fundi wa vidole. Mtie huzuni kidogo tu."

"Ulijua ni uso wa nani."

"Nilijua."

"Sasa mbona?"

"Miaka thelathini nachonga vidole, Mulwa. Nilitaka mara moja tu watu waseme, huyu ni wa Kivuva." Mdomo ukampinda, macho yakajaa.

Mulwa alimtazama kwa muda mrefu, jinsi fundi anavyotazama gogo. Kisha akavuta kipande kipya cha mjakaranda.

"Kaa hapo. Usifute machozi."

Siku hizi Yesu wa Lucky Summer anateseka vizuri mno. Mama Teresiah humlilia hadi kitambaa chake cha kichwa kinalegea. "Ukiangalia tu," waumini husema, "unajua huyu ni wa Kivuva." Kivuva huketi benchi la nyuma kabisa, ameinamisha kichwa, na watu husifu unyenyekevu wake.

Kichwa kile cha kwanza kiko kwenye rafu ya Mulwa, katikati ya Budha wanaosubiri meli.

"Na huyu je?" Abdiwali aliuliza juzi.

"Huyo hauzwi."

"Karatasi inasema uachilie."

"Na padri anasema nisamehe," Mulwa akasema, akiendelea kunoa patasi. "Waambie wote wawili nina kazi."