Fundi Aliyeuliza Swali Moja

Pikapu yangu kuukuu ilizoea kuzima mlimani kila nikimpeleka mama kliniki Thika. Mafundi watatu walibadilisha plagi, chujio na pampu ya mafuta, lakini wapi!

Juzi, nikiwa na mama garini, fundi mwanamke wa Ruiru akaniuliza: "Ikizima, ukingoja kidogo inawaka?"

"Inawaka, madam."

Hakushika spana. Alipanda tukaenda naye hadi injini ikaanza kukohoa. Akashuka, akafungua kifuniko cha tangi taratibu. Hewa ikavutwa ndani, fyuuu! Injini ikanguruma.

"Katundu ka hewa ka kifuniko hiki kameziba," akasema. "Hewa isipoingia tangini, mafuta yanashindwa kutoka."

"Ngai! Mungu wangu!" Mama aliushika mkono wa fundi wenye grisi, akautazama kwa muda mrefu.

Wale watatu waliniambia gari limezeeka. Hakuna aliyeniuliza chochote.