Mfalme Aliyeogopa Kuchekwa

Harufu ya mafuta ya mbegu za mawese yakipashwa moto kwenye jiko la makaa hunirudisha mtaani Namuwongo, kwenye kibaraza chetu karibu na reli, mahali ambapo mama yangu, mkimbizi kutoka Kongo, aliwafunga wanawake nywele kwa uzi mweusi. Kichwa kimoja kilimchukua nusu siku, na ili mteja asichoke alimsimulia hadithi. Niliyoipenda kuliko zote aliitunga mwenyewe, ya Mwami Bisimbo, mfalme mwenye ila moja tu: hakuweza kuvumilia kuchekwa. Kila alipopatwa na hofu alijiongezea jina la sifa, na yeyote aliyecheka alitumwa kuteka maji mto wa mbali, asionekane tena.

Nilikuwa na miaka minane na mdomo mwepesi. Siku hiyo Mama Okot, mke wa askari kutoka kaskazini, alikuwa ameketi mkekani katikati ya magoti ya Mama, nywele za upande mmoja zimefungwa, za upande wa pili zimesimama timtim. Mama alikuwa katikati ya hadithi ya Bisimbo redio ya jirani ilipoanza kutaja vyeo vya mkuu wa nchi, kimoja baada ya kingine, hadi mtangazaji akawa kama anaishiwa na pumzi. Nikapiga kelele kwa furaha, "Mama, huyu ndiye Bisimbo!"

Vidole vya Mama vilisimama. Siku zile watu walitiwa kwenye buti la gari mchana kweupe kwa makosa madogo kuliko hilo, na neno moja la Mama Okot kwa mumewe lingetosha. Nilitamani ardhi inimeze. "Mutoto hajue kitu, mama," Mama alisema. "Ni hadisi tu."

Mama Okot hakuinuka. Na kichwa nusu angeenda nacho wapi? "Funga," alisema. "Na maliza hiyo hadithi." Mama akaanza kumpamba Bisimbo, mara mpole, mara mkarimu, mfalme ambaye sikuwa nimepata kumsikia. Mama Okot akamkatiza. "Hapana badilisha. Ile watu ilitumwa maji, ilirudi?"

Katika hadithi ya Mama ya siku zote, Bisimbo alijiona kwenye maji ya mtungi, taji limekaa upande, akajicheka mwenyewe, akaona aibu, akawaita wote. "Walirudi, mama," alisema. "Wote." Mama Okot akafuta machozi. "Bwana yangu iliitwa na wakubwa yake, sasa wiki ya tatu. Mimi sijui nauliza nani." Mama aliendelea kumfunga taratibu mpaka nywele zikaisha.

Mama Okot hakutusemea kwa mtu. Mwezi uliofuata alipita njiani kichwa kimenyolewa, kama wafanyavyo wafiwa wa kwao, nami nikajificha nyuma ya Mama kwa aibu nisiyoweza kuieleza.

Leo wanangu huwacheka viongozi mezani, simu mkononi, kwa sauti kubwa. Nami hucheka, ingawa kwanza hutazama nani yuko mlangoni. Nikiwasimulia hayo, husema mkuu wetu wa zamani alikuwa Bisimbo mtupu. Nakataa. Bisimbo alikuwa na ila yake, lakini alikuwa pia na mama yangu, aliyemtia aibu kabla watu hawajaisha. Yule wetu hakuna aliyemtunga, na aliowatuma maji hawakurudi.