Sumaku ya Nshimiyimana

Katika mambo ya chuma, Nshimiyimana hakumwamini mtu hata mmoja. Alikuwa fundi wa mabomba kwenye kiwanda kidogo cha jibini karibu na Kingi, milimani Masisi, na mfukoni alitembea na sumaku aliyoichomoa kwenye redio mbovu. Muuzaji akimwonyesha kiungio cha inoksi, chuma kisichoshika kutu, alikigusisha sumaku kabla hata ya kusalimia vizuri. Inoksi ya kweli, alisema, haivutwi. Wenzake walimcheka chinichini, usoni hawakuthubutu.

Mwezi wa tatu alihitaji viungio kumi na viwili vya mabomba ya maji ya chumvi, yale ambayo jibini hulowekwa humo. Chumvi hula inoksi ya kawaida, namba 304, kwa hiyo lazima iwe 316. Alimtuma shemeji yake Benoît, mume wa dada yake, mkazi wa Sake, akavinunue mjini Goma. Benoît akavileta, kila kimoja kimegongwa 316 ubavuni.

Nshimiyimana akapeleka sumaku kwenye meno ya kufungia. Ikashika. Kidogo tu, lakini ikashika.

“Shemeji, hii iko nini?”

“Njo ile uliniambia. 316.”

“Namba, hata mutoto anaweza kuigonga! Ya muzuri umebakia nayo, umeniletea ya bandia.”

Aliyasema hayo mbele ya akina mama walioleta maziwa, madumu bado vichwani. Benoît alimtazama, akaweka mzigo chini, akashuka mlima bila hata kunywa maji. Nshimiyimana akajiona mjanja kweli kweli.

Akanunua vingine sokoni Masisi, vyenye namba ileile, na sumaku haikuvishika kabisa. Akavifunga kwa mikono yake.

Baada ya wiki tano, Mama Epiphanie, msimamizi wa jibini, alimwita. Jibini arobaini zilikuwa na madoa ya kahawia, na viungio vipya vilikuwa vinatoa kutu. Vile vya Benoît, ambavyo mama huyo alivitia kwenye ndoo ya maji ya chumvi siku ileile ya ugomvi, viling'aa.

“Sumaku haijue inoksi, Papa,” alimwambia. “Kuna ya mubaya yenye haivutwi, na ya muzuri yenye inavutwa kidogo. Chumvi njo inajua.”

Nshimiyimana aliona aibu. Kesho yake akabeba jibini nzima, safi, mpaka Sake. Benoît alimpa kiti, dada yake akampakulia sombe, mboga ya kisamvu. Nshimiyimana aliomba msamaha, na Benoît akajibu kwamba imeisha, bila hasira yoyote. Roho ya fundi ikatua. Akamnyooshea jibini.

Benoît hakuipokea. Aliingia chumbani, akarudi na daftari na kalamu, akaviweka mezani mbele yake.

“Andika kwanza kama njo wewe umenipa, shemeji. Tia na sinyatire ya mukono yako. Kesho usiseme niliiba.”