Dengu Zilizonenepa Majani

Mpwa wangu tunamwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake, na mwanamke wa kumshinda kwa mkono ulionyooka bado hajazaliwa. Kipaji hicho ni cha upande wetu. Baba yake hata mkate alikuwa akiukata upogo. Fundi alipofiwa na mumewe, kaka mkubwa wa marehemu alimwambia, "Shemeji, shamba la bondeni nakuachia msimu mmoja. Ukivuna, ni lako na wanao. Usipovuna, nampa anayejua kulima."

Fundi akapanda dengu mvua zilipokwisha, maana dengu hukua kwa unyevu uliobaki ardhini. Nafasi kati ya shina na shina aliipima kwa utepe wa kushonea. Majirani wakamcheka.

"Fundi, unalishonea shamba gauni?"

"Likiwabana, njooni niwaongezee kiuno!"

Wiki ya tatu miche ikaanza kuwa ya manjano, akaja mbio kwangu. Na angekwenda kwa nani? Shule niliiacha darasa la tano, lakini mahindi yangu hayajawahi kuniuliza cheti.

"Mjomba, zina nini?"

"Njaa, mwanangu. Zilishe kama mahindi. Urea, kifuniko kimoja cha soda kila shina."

Mfuko nilimbebea mwenyewe begani, nikipiga mluzi. Yeye kwa hofu ya kushindwa akatia vifuniko viwili viwili, na kamvua ka kuibia kakashuka jioni ile ile kuiyeyusha urea yote.

Lo! Dengu zikawaka kijani, zikanenepa, zikafika gotini. Wapita njia walisimama kutazama. Kwa kinyozi nilikaa nusu siku nikieleza jinsi ninavyojua kulisha udongo, hata kinyozi akasahau upande mmoja wa kichwa changu.

Ila maua yalikuwa machache, na hata katika hayo mengi yakadondoka.

Bwana shamba alipopita na pikipiki, Fundi akamsimamisha. Bwana shamba aling'oa shina moja, akakung'uta udongo, akatuonyesha mzizi. Ulikuwa mtupu kama mkia wa panya.

"Hapa palitakiwa pawe na vinundu," alisema, "ukivipasua ni vyekundu ndani kama ufizi. Humo dengu hujipikia chakula chake cha majani. Nyie mmeiletea kilichopikwa, ikaacha kupika. Ilichohitaji ni mbolea ya mizizi, kidogo, siku ya kupanda, na mbegu kuchanganywa na ile dawa ya vinundu. Nani aliwaambia mtie urea nyingi hivi?"

Mimi nikatazama pikipiki yake. Nzuri sana, ina vioo viwili.

"Sasa nifanye nini?" Fundi akauliza.

"Dada, mbolea haizoleki ikishaingia."

"Nikipunguza majani? Nikimwagilia?"

"Ukimwagilia utaongeza majani. Ngoja tu uone zitakachotoa."

Basi tukangoja. Kila asubuhi alikwenda bondeni kutazama, kana kwamba dengu zingemwonea haya. Mimi nilikwenda naye, nikipiga soga ambazo hakuna aliyezicheka.

Siku ya ahadi shemeji yake akaja. Akaminya ganda, likatoa hewa. La pili, hewa.

"Majani mazuri, shemeji. Una ng'ombe?"

Fundi hana hata kuku.

Nikajitokeza mbele, kifua wazi. "Kosa ni langu. Urea nilimwambia mimi. Mpe msimu mwingine."

"Mjomba," shemeji yake akasema kwa upole, na upole wake ndio ulionimaliza, "shamba sikukupa wewe."

Akaanza kulipima kwa hatua, toka mpaka hadi mpaka, akihesabu kwa sauti.

Fundi hakumfuata. Alikuwa ameinama kwenye mstari wa kwanza, akiminya ganda baada ya ganda, punje mojamoja akiiweka kwenye pindo la gauni. Nikamwambia jua limekuwa kali, twende nyumbani.

"Bado mistari ya kule, mjomba," akasema, akahamia shina linalofuata.