Aliyewafundisha Kushona

Kikundi cha akina mama wa Ajia kilipokaribia kutimiza miaka thelathini, mwalimu kijana aitwaye Patience alipewa kazi ya kuandika historia yake. Akaenda moja kwa moja kwa Drateru, maana kati ya waanzilishi ndiye pekee aliyebaki kijijini.

Drateru alisimulia bila kukwama: walivyowapikia wafiwa, walivyomchotea maji kila mama aliyejifungua, walivyojenga majiko ya udongo yasiyojaza moshi nyumbani.

"Na kushona, Mama, nani aliwafundisha?"

"Tulijifundisha wenyewe."

Patience akaandika. Drateru aliitazama kalamu ikitembea, uso ukamwaka moto.

Aliyewafundisha alikuwa Zulaika, mwanamke wa Koboko aliyeolewa pale akaja na cherehani yake. Kwa miaka mitano aliwashika mikono mmoja mmoja juu ya kitambaa. Kisha ukatokea msiba kwa mzee Acidri. Unga wa muhogo aliutoa Drateru. Mihogo ile michungu ilitakiwa kulowekwa siku nne. Yeye, kwa haraka, aliitoa siku ya pili. Watu kumi na wawili walitapika hadi wakalegea. Hakuna aliyekufa, lakini neno sumu lilikwisha kutamkwa, na macho yote yakamwendea mgeni. Kikundi kilimfukuza Zulaika. Mumewe akamrudisha kwao. Drateru alikuwepo kwenye kikao kile. Aliinamisha kichwa, akatazama miguu yake.

Sasa hakulala vizuri wiki nzima. Asubuhi moja akapanda gari la Koboko, akaulizia sokoni hadi akamkuta Zulaika, mwenye miwani, nyuma ya cherehani.

"Mama Obitre," Zulaika alisema kabla hajasalimiwa. "Kuja, kaa."

Drateru hakukaa. "Ile unga ilikuwa yangu. Mihogo haikukaa siku mingi kwa maji."

"Mimi najua. Mimi pia nilikula, nilitapika. Nani aliuliza?"

"Nisamehe, dada yangu."

Zulaika alikata uzi kwa meno. "Hapa Koboko hakuna mutu aliniita mwenye sumu. Enda sema kule."

Siku ya sherehe, kabla Patience hajaanza kusoma, Drateru alisimama mbele ya wote akasema, kuanzia mihogo hadi kikao. Eyotaru, binti wa Acidri, alichukua mkoba wake akaondoka. Wengine hawakujua watazame wapi. Patience alifuta mstari, akaandika jina la Zulaika.

Kikundi kilimwita Zulaika aje wamwombe radhi. Hakuja.

Obitre, mwana wa Drateru, alinuna siku mbili. Siku ya tatu alimuuliza mama yake kama Zulaika ni mzima, kwani kaptura yake ya kwanza ya shule alishonewa naye.

"Anavaa miwani sasa," Drateru alijibu. "Na bado anashona."