Pahala Pasipo Anayenijua

Nina miaka arubaini na sita na tangu nizaliwe sijapata kulala chumbani peke yangu. Unguja nililala na bibi, kisha na dada zangu. Dubai nililala na mama mpaka alipofariki, na sasa nalala na watoto wawili wa kike wa kaka yangu, katika fleti yao ya Al Nahda. Mdogo anapiga mateke, mkubwa anasaga meno. Asubuhi naamka na unyayo wa mtu mgongoni, naoga, navaa, napanda metro hadi Bur Dubai, kwenye zahanati ya meno ninakokaa mapokezi.

Huko nako hapana kupumua. Watu wa kwetu wa hapa wanajuana hadi jino bovu la kila mtu, na wote wanakuja kung'oa kwetu kwa sababu mie nipo. Anaingia bibi kavimba shavu, mdomo haufunguki, lakini akiniona tu maneno yanapata njia.

"Wewe si mtoto wa yule mpika mikate ya kumimina, aliyekuwa akikaa Deira?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Masikini, Mungu amrehemu. Na mume hujapata bado?"

"Bado, bibi."

"Inshallah." Ndipo anakumbuka shavu lake na kuanza kuugua.

Siwachukii. Mama alipofariki hao hao ndio waliojaza nyumba, wakapika, wakasoma Kurani, wakalala sakafuni siku tatu asibaki mtu mpweke. Lakini nilichoka, nasema kweli. Nilichoka kuwa mtoto wa fulani, dada wa fulani, shangazi wa fulani. Nilikuwa na hamu moja tu, ya kipuuzi ukiisema kwa sauti: nikae kwenye kiti, ninywe kahawa, na pahala hapo pasiwe na hata mmoja anayenijua.

Nikachagua Ulaya. Si kwa uzuri wake, kwa umbali wake. Kwenye simu nilikuwa natazama wanawake wanaosafiri peke yao na begi la mgongoni, wanalala vitanda vya bei ndogo, wanachemsha mayai wanatia mfukoni. Nikasema, ebo, kuchemsha yai mie sijui? Nikapanga: ndege ya bei rahisi hadi Lisboni, basi la usiku hadi Sevilla, tena basi hadi Granada, nimalizie Barcelona. Usiku wa kwenye basi unaokoa kitanda. Mchana nitakula mkate na jibini, jioni mayai yangu. Lisboni niliona mkahawa mdogo juu ya kilima, viti vya chuma vyekundu, ukuta wa vigae vya buluu. Nilikuwa nikiutazama ndani ya metro mpaka napitiliza kituo.

Wifi yangu, mke wa kaka, aliniuliza nitalala wapi. Nikamwonesha chumba cha vitanda vinane.

"Aka! Utoke hapa kulala na watoto wawili ukalale na Wazungu saba?"

"Hao saba hawanijui."

"Mwanamke wewe una wazimu," akasema, akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Lakini siku ya pili alininunulia soksi nzito, na mie nikanunua begi Deira. Watoto wakaniita Shangazi Kobe. Nilivaa begi lile nikizunguka sebuleni, na sijui mara ya mwisho kufurahi namna ile ilikuwa lini.

Daktari wa zahanati akanipa likizo na barua ya kazini. Kilichobaki ni viza tu.

Nilipowaambia rasmi, kaka aliweka kijiko chini.

"Na mama mdogo je?"

Mama mdogo ni mdogo wake mama, wa mwisho kuzaliwa. Anakaa Ulaya ya kaskazini miaka mingi sasa, katika mji wa baridi, mumewe kafa, watoto wameoa. Mie nilijua yupo. Nilijitia hamnazo.

"Mama mdogo yuko mbali na njia yangu."

"Mbali na njia? Uende Ulaya usimpitie mama mdogo? Ulale kwa watu usiowajua na damu yako ipo? Watu watasema nini?"

Wasiotoka kwetu wataona jambo dogo. Kwetu, kuupita mji alimo mkubwa wako usilale kwake ni sawa na kumtemea mate mlangoni. Hata ukiwa na haja ya dakika kumi, utakula, utalala, utaondoka na kifurushi. Nami, pamoja na ukaidi wangu wote, nimelelewa. Nikampigia simu.

Mama mdogo alilia. Alilia kwa kwikwi, sauti ileile ya mama, na hapo nikaishiwa ukaidi. "Wallahi," akasema, "ukilala hoteli Ulaya hii na mie ni hai, sitokusamehe." Nikamwambia nitakuja siku mbili. Akasema siku mbili ni za mtu anayekuja kudai. Tukafika siku kumi. Granada ikaondoka, Barcelona ikaondoka. Zikabaki Lisboni na Sevilla, siku chache za mwishoni, na hata hizo mama mdogo aliziona nyingi.

Sasa, viza ya kule ni moja kwa nchi nyingi, nayo unaiomba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Kwa hiyo ombi langu halikwenda tena kwa nchi ya kilima na vigae, likaenda kwa nchi ya mama mdogo, na walitaka barua ya mwaliko. Mama mdogo akaiandika kwa mkono wake, kwa Kiswahili, mwanawe akaifasiri kwa lugha ya huko. Alitupelekea zote mbili. Kaka aliisoma ile ya Kiswahili baada ya chakula, kwa sauti, wifi akajifuta macho kwa upindo wa kanga:

"Huyu ni mwanangu. Mama yake amefariki, mume hana, mtoto hana, na mama aliyebaki ni mimi. Nyumba yangu ni yake. Akae atakavyo, na hata asipotaka kuondoka, mlango wangu hautofungwa kwake maisha."

"Hiyo ndiyo barua ya muungwana," kaka akasema. Nami nililia. Sikuona ila yoyote. Nani kwetu aliona? Mgeni unamwambiaje, karibu lakini Jumatatu utoke?

Nikaipeleka ile iliyofasiriwa na karatasi zangu nyingine kwenye kituo cha viza. Binti wa dirishani aliipokea pamoja na barua ya kazini, akanichukua alama za vidole, akasema ahsante madam. Nikatoka nimejaa matumaini mpaka koo. Nikajinunulia kahawa palepale, nikakaa kiti cha pembeni kujizoeza. Kabla sijaimaliza akapita mtu: "Wewe si dada wa fulani?"

Pasipoti ilirudi kwenye bahasha. Nilijua kabla sijaifungua, maana ilikuwa nyepesi kwa namna fulani, au mie ndiye nilikuwa nimepungua. Viza hapana. Walisema hawana hakika na nia yangu ya kurudi.

Niliwasomea jioni ile sebuleni. Kaka aliomba ile barua ya Kiswahili ya mama mdogo. Akaisoma tena, safari hii kimoyomoyo, na nikamwona anafika pale. *Mume hana, mtoto hana. Hata asipotaka kuondoka.* Akainua macho.

"Eh," akasema.

Wifi akaanza kukusanya vikombe vyenye chai bado.

"Lakini si ndiyo adabu hiyo?" kaka akasema. "Sasa walitaka aandike nini, masikini?"

Nilitaka kumrushia begi. Nilitaka kumwambia, ningepita njia yangu kama kobe wa watu, ningekuwa Lisboni. Nikamwambia tu, "Maji yakimwagika hayazoleki," nikaenda kulala, na mtoto akanipiga teke la mbavu nikashukuru kupata sababu ya kutoa chozi.

Mama mdogo hatukumwambia kisa. Tungemwambiaje? Tukasema wamekataa tu, ndivyo walivyo. Akalia tena, akapenga kamasi, akasema:

"Basi usihuzunike, mwanangu. Huji, nakuja mie."

Yeye ana pasipoti ya huko. Hakuandika barua, hakuomba ruhusa, hakuulizwa nia yake na mtu. Nilijaribu kuirudisha likizo, daktari akasema khalas, amekwishapata mtu wa kukaa mapokezi. Nikaenda kumpokea uwanja wa ndege. Alitoka mapema kuliko watu wote, mwanamke wa miaka sitini na tatu, koti zito mkononi, anauliza, "Hivi kuingia kwenyewe ndiyo rahisi hivi?"

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," kaka alisema mlangoni, anang'aa. Mwenyeji ni mie, na sikupona. Mama mdogo alipewa kitanda changu pamoja na wale wasichana, kwa kuwa alisema hawezi kulala peke yake, na mie nikatandikiwa godoro sebuleni, chini ya runinga, pahala ambapo kila mtu anapita kwenda msalani. Likizo yangu ya kwanza isiyo ya kurudi Unguja niliimaliza hivyo. Nilimpeleka sokoni Deira. Nilimpeleka kwa jamaa zetu Jumeirah Village Circle wakatulisha biriani. Wagonjwa wangu wote wa meno walitaka kumwona, nyumba haikutoka viatu mlangoni. Nilipika, niliosha, nikapika. Wallahi sina kinyongo naye. Alikuwa na mikono ya mama, na anapocheka hufunika mdomo kama mama. Ndiyo maana ilikuwa ngumu zaidi.

Siku ya mwisho tulivuka kwa abra, mashua ya abiria, kuja Bur Dubai, tukakaa penye kivuli karibu na maduka ya vitambaa. Akanishika mkono.

"Niambie kweli. Huko Ulaya ulikuwa unataka nini hasa? Maana mie nipo huko, na ni baridi tu."

Sikuwa nimemwambia mtu. Kaka hajui, wifi alidhani mzaha. Nikamwambia yeye. Kiti, kahawa, na pasiwe na hata mmoja anayenijua.

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mama mdogo. Nisamehe."

Akauachia mkono wangu. Nilijua nimemuumiza na sikuwa na nguvu ya kulirudisha. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeulizia dawa asiyotaka ijulikane ni ya nani, hivyo mtu mwenyewe hufanyaje? Basi la usiku linapatikanaje? Vitanda vile vina mashuka? Kwa kuwa nilikuwa nimemuumiza, nilimweleza yote kwa upole. Nikamwonesha kwenye simu Lisboni, Sevilla, Granada, Barcelona, safari nzima kama ilivyokuwa mwanzo kabla hajalia. Nikamwonesha ule mkahawa wa kilimani.

"Nirushie," akasema. Nikamrushia. Niliona ananiliwaza.

Akarudi kwake. Nami nikarudi kitandani kwangu, na mateke yangu, na mapokezi yangu. Begi nimelitia juu ya kabati, wifi analihifadhia mablanketi.

Wiki chache baadaye, asubuhi, zahanati imejaa, simu ikaingia picha. Kikombe kidogo cha kahawa juu ya meza, nyuma yake kiti cha chuma chekundu na ukuta wa vigae vya buluu. Baada ya picha, sauti. Nikaiweka sikioni.

"Mwanangu," mama mdogo alisema, na alikuwa ananong'ona, kama mtu aliye msikitini. "Sijamwambia mtu, hata wanangu. Nimekuja peke yangu. Mayai nimechemsha. Jana nimelala na watoto wa kizungu saba, hapana aliyenisalimu. Nimekaa hapa tangu wamefungua, na hapana hata mmoja anayenijua. Ulisema kweli, mwanangu. Ulisema kweli. Sikujua katika maisha kuna raha hii."

Niliisikiliza tena. Nilifurahi kwa ajili yake, nataka liandikwe hilo, nilifurahi. Na palepale nilimwonea wivu mpaka meno yakaniuma, mie niliyekaa penye tiba ya meno. Nikamwandikia, "Kunywa taratibu, mama mdogo." Nikaifuta picha, maana nilijua nitakuwa naitazama ndani ya metro.

Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama mzee mbele yangu, kiganja kwenye taya, macho yamenikazia, yanatafuta.

"Wewe," akasema, "si mtoto wa yule mpika mikate ya kumimina?"

"Ndiye mimi," nikamwambia. "Karibu, babu, kaa."