Kufuli la Alfajiri

Wapangaji wa ghorofa ya tatu walimpa jina la Treni, na hawakumwonea. Kila alfajiri vioo vya madirisha yao vilitetemeka akienda mbio koridoni, vikatetemeka tena akirudi, na hakukuwa na kituo mpaka jua lichomoze. Alikuwa mwanamke mwembamba, mfuaji wa shuka za hospitali, mikono imechubuka kwa dawa za kufulia, na alikuwa amefika umri ambao mtu akivaa bukta majirani huulizana kama kuna tatizo kwao. Yeye alijitia hamnazo. Korido yenyewe ilikuwa kichekesho. Ukitoka mlangoni kwake unapita milango ya wenzako, unafika kwenye pipa la maji, ukuta unakukatalia. Unageuka. Ukishachanganya miguu tu, umeshafika mlangoni kwako tena.

Msimwone mjinga kwa kukimbilia mahali kama pale. Uwanja aliujua, ulikuwa nyuma ya soko, mkubwa na wa bure. Ila alikuwa na mama.

Mama alikuwa amepotewa na kumbukumbu kidogo kidogo. Yalianza kuondoka majina ya wajukuu, ikafuata sufuria iliyosahaulika motoni, ikafuata njia ya kurudi nyumbani, na mwisho akamsahau binti aliyekuwa akimwogesha kila siku. Miguu lakini ilibaki mizima, mizima kuliko hata ya baadhi yetu. Mlango ukiachwa wazi punde tu, ameshatoka. Siku moja alikutwa katikati ya barabara, ndala mguu mmoja, magari yanampigia honi, naye anawauliza madereva kwa adabu kama wamemwona binti yake. Tangu siku hiyo Treni hakukimbia mahali ambapo hawezi kuuona mlango wake. Mchana akiwa kazini, mama alikaa kwa jirani, fundi cherehani, na Treni alimlipa kwa kumfulia. Jioni, usiku na alfajiri, zamu ilikuwa yake peke yake.

Sasa timu ya wanawake ya mji ilitangaza kwamba inatafuta wakimbiaji wa mbio ndefu kwa mashindano ya taifa. Treni aliisikia habari hiyo kwenye redio ya chumba cha kufulia, mikono imo ndani ya maji, akaitoa mikono akasimama nayo ikichuruzika. Shuleni aliwahi kukimbia, akasifiwa, yakaishia hapo. Hakutaka picha yake gazetini. Alitaka kitu kimoja duniani kiwe chake, kisichokuja kwa sababu mtu fulani amelowesha shuka. Ndiyo maana alikuwa ameipiga korido ile mvua na jua, na homa, na hata siku ambazo mwili wote ulimwambia lala.

Siku ya majaribio fundi cherehani alikaa na mama, na Treni akaenda uwanjani. Wenzake walikuwa wasichana wa kuwazaa mwenyewe. Filimbi ikalia, wakaondoka, naye akaona ajabu. Pumzi zilikuwepo, tena za kumwaga. Lakini kila alipochanganya, miguu ilipunguza mwendo yenyewe. Akijisukuma, hatua chache mbele inapunguza tena, bega la kulia linajikunja kugeuka, na mbele yake hakuna kitu ila nyasi na vumbi. Alijitukana kimoyomoyo. Alijikaza kisabuni mzunguko baada ya mzunguko, na bado wasichana walimpita mmoja mmoja huku wakimtazama kwa huruma, jambo lililomuuma kuliko kupitwa.

Kocha alimwita pembeni. Alikuwa mzee mkavu, asiyependa maneno mengi ila yake.

"Dada, pumzi unazo. Miguu unayo. Lakini kila ukikolea unapiga breki. Breki za nini? Kuna nini mbele yako?"

"Ukuta," alijibu.

Kocha aliangalia uwanja wote, akamrudia. "Ukuta gani?"

Akamweleza habari za korido na pipa la maji. Kocha hakucheka, na Treni akampenda kwa hilo.

"Basi mwili umeshika mafunzo mabaya, na umeyashika vizuri," kocha alisema. "Hautayaacha kwa kuambiwa. Njoo hapa kila alfajiri mpaka siku ya kuchagua timu. Kila alfajiri, umenielewa? Ukikosa moja, usihangaike kuja nyingine."

Jioni hiyo akampigia simu kaka yake. Kaka alikuwa na nyumba yenye ua na geti, mke asiyefanya kazi nje, na vyumba ambavyo hata wenyewe walikuwa hawavilalii.

"Kaka, nichukulie mama mpaka siku ya kuchagua timu. Baada ya hapo namchukua mwenyewe, sitakusumbua."

"Dada yangu, wewe mwenyewe unajua hakuna anayemuweza mama kama wewe. Una moyo wa aina yake. Sisi huku tunakusifu kila siku."

"Msinisifu, mchukueni."

"Mama amekuzoea."

"Hata jina langu halijui!"

"Ndiyo, lakini amekuzoea." Kisha akashusha sauti, kama anayemwonea aibu. "Na hivi kweli, dada, kwa ajili ya mbio? Kwa umri huo?" Halafu wifi akawa anaita ghafla, simu ikakatika. Mtu huyo alikuwa bingwa wa kumpaka mwenzake mafuta kwa mgongo wa chupa, na chupa yenyewe hakuwa amewahi kuinunua.

Fundi cherehani naye alikuwa mkweli. "Shoga, mchana mama ni wangu. Alfajiri usinihesabu. Nashona mpaka macho yananitoka machozi, alfajiri ndiyo nalala. Ukinigongea nitakutukana halafu tutakosana bure."

Palikuwa na wapangaji waliowafungia watu wao ndani kwa kufuli wakienda kwenye shughuli zao. Treni alikuwa amewahi kumwita mmoja wao mnyama, mbele ya watu, na hakuwahi kumwomba radhi. Akanunua kufuli. Alilipitisha mbele ya fundi cherehani akiwa amelificha kwenye mfuko wa sabuni.

Alfajiri ya kwanza alimwacha mama amelala, akafunga taratibu, akashuka ngazi roho mkononi. Na uwanjani, tuseme ukweli, alifurahi. Mwanzo bega lilijikunja, miguu ikasita, kisha mahali fulani kwenye mzunguko wa katikati ukuta ukachelewa kuja, akapitiliza, akaendelea tu, upepo ukimpiga kifuani. Alifurahi kiasi kwamba mpaka kocha alipopuliza filimbi hakuwa amemkumbuka mama yake hata kidogo.

Alimkumbuka kwenye ngazi. Kugonga kulisikika tangu ghorofa ya pili, si kwa fujo, ni kugonga kwa mtu aliyelelewa vizuri.

"Samahani, dada," mama alisema kutoka ndani aliposikia hatua. "Nifungulie tafadhali. Binti yangu yuko nje, hajui kama nimefungiwa."

Ufunguo ulikataa kuingia kwa jinsi mkono ulivyotetemeka. Mlango ulipofunguka, mama alikuwa amesimama puani mwake, ngumi imeinuliwa bado.

"Ni mimi, mama."

Mama aliangalia mkono wake. "Kumbe wewe ndiye mwenye ufunguo?"

"Ndiyo, mama."

"Basi usinifungie tena."

"Sitakufungia tena," Treni alisema, na alisema kwa moyo mmoja. Alfajiri iliyofuata alifunga.

Ukishakata shauri mara moja, yanayobaki ni kazi, na kazi aliiweza. Aliondoa visu, akaficha kiberiti, akamwekea mama chai kwenye chupa na kiti cha mgongo karibu na ukuta. Aliamka, akafunga, akashuka, akakimbia, akapanda, akafungua, akamwogesha, akamvusha kwa fundi cherehani, akaenda kufua. Hakukosa. Kocha alikuwa haamini. Bega lilinyooka, breki zikaisha, na wale wasichana wakaanza kumwona mgongo. Na mkono wake ukaacha kutetemeka. Alilitambua hilo asubuhi moja kufuli likiwa limeshalia kacha, yeye yuko nusu ya ngazi, anawaza mambo ya viatu. Alisimama hapo akajichukia. Kisha akaendelea kushuka, kwa sababu angechelewa.

"Namsikia mama anagonga alfajiri," fundi cherehani alimwambia siku moja, macho kwenye sindano.

Treni alishikwa na aibu mpaka masikioni. "Utaniona mbaya."

"Nikuone mbaya mimi nani? Wewe unafunga, mimi najifunika mto kichwani."

Baadaye kidogo, wakati wa kumkabidhi mama asubuhi, akamwambia jingine. "Siku hizi hagongi."

"Amelala huyo," Treni alijibu haraka.

Fundi alikata uzi kwa meno.

Siku ya kuchagua timu Treni alikimbia kama mtu asiyewahi kuishi ndani ya nyumba. Hakuna aliyemwonea huruma. Jina lake lilipotajwa alikuwa ameinama, mikono magotini, na alidhani amesikia vibaya mpaka wasichana walipomrukia. Kocha akapaza sauti.

"Mnamwona huyu? Hajakosa alfajiri hata moja. Ana kazi, ana familia, na hajakosa. Hiyo ndiyo nidhamu niliyowapigia kelele. Mpigieni makofi."

Wakampigia. Alicheka, na alipocheka machozi yakatoka, wakamshangilia zaidi. Akaondoka mbio kabla hawajamaliza, kwa sababu alitaka kumwambia mtu, na katika dunia nzima mtu aliyetaka kumwambia alikuwa mmoja, hata kama habari yenyewe isingedumu kichwani mwake mpaka jioni.

Alipanda ngazi mbili mbili. Kwenye mlango hapakuwa na kugonga. Akafungua, akausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta, wala hakukumbuka kuurudisha nyuma yake.

"Mama! Nimechaguliwa! Mama, nimo kwenye timu!"

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na ukuta, nywele amezibana, ndala miguuni zote mbili, mikono juu ya mapaja. Alitabasamu kwa upole, kama anavyotabasamu mtu kwa furaha ya mgeni. Nyuma ya Treni mlango ulikuwa wazi na jua limeingia mpaka katikati ya chumba. Huyu ndiye bibi aliyekuwa akiponyoka kwenye upenyo wa kupitisha paka. Hakuinuka.

"Njoo nje, mama. Tukae koridoni, jua limetoka."

"Hapana, dada. Asante."

"Mlango uko wazi."

"Nauona." Mama aliinamisha kichwa, akanong'ona ili asimponze mwenzake. "Lakini mwenye ufunguo hapendi."

Treni alitoka nje yeye mwenyewe, akasimama koridoni, akanyoosha mkono. Alimwita mama, akamwita kwa jina lake, akamwambia yeye ndiye binti yake na yuko hapa nje anamtafuta. Alilia bila kujizuia, na mlango wa fundi cherehani ukafunguka kidogo, ukafungwa. Mama alimsikiliza kwa makini yote. Kisha akavuta kiti nyuma kidogo, karibu zaidi na ukuta, akakaa vizuri.

Alfajiri iliyofuata Treni hakufunga. Aliuacha mlango wazi wote, akaenda uwanjani akakimbia na timu, akarudi, akamkuta palepale.